Bomba la Mama Mkwe

Mama mkwe wa fundi hakuwa mtu wa kufika gereji bila sababu, na neno alilofika nalo siku hiyo lilimfanya fundi aangushe spana.

"Nataka unifungie bomba la kelele," alisema.

Alikuwa amesimama nje ya kivuli cha bati, kilemba kimekaa sawasawa, kipikipiki ubavuni, mabunda mawili ya mashuka yamefungwa nyuma kwa mpira. Kilikuwa kipikipiki cha aina ile ndogo yenye pedali, unayoikanyaga kama baiskeli mpaka injini ikohoe na kuwaka. Kilikuwa cha binti yake, na binti yake alikuwa mke wa fundi. Miezi minne iliyopita alishikwa na homa, homa ikamshika siku tisa, siku ya kumi wakamzika. Baada ya mazishi fundi alikisukuma kipikipiki mpaka mlangoni kwa wakwe zake akasema, "Chukua, mama. Mashuka hayatajibeba yenyewe." Maana ile kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni walikuwa wakiifanya mama na binti: mama anafua, binti anabeba. Sasa mama alifua na kubeba. Na tangu siku ile yeye na mkwewe hawakuwa na maneno, hata ya salamu.

"Bomba la kelele," fundi alirudia, macho chini. Mkwe mwenye adabu hamkodolei macho mama mkwe, na huyu adabu alizaliwa nayo. "Kwani hili la sasa limetoboka, mama?"

"Halijatoboka."

"Linatoa moshi mwingi?"

"Moshi ni ule ule."

"Sasa..."

"Sasa nifungie lile pale."

Alinyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari, kati ya mnyororo uliokatika na kalenda ya mwaka jana, lilining'inia bomba la moshi ambalo kijana mmoja aliliagiza akahama mji kabla hajaja kulichukua. Lilikuwa jembamba shingoni, likavimba katikati, likachongoka tena kuelekea mkiani na kuishia na kikopo cha kung'aa.

Cheche, mchomeleaji aliyegawana paa moja na fundi, hakuwa na mkwe pale, wala hakuwa na breki mdomoni. "Mama! Hilo si bomba, huyo ni chatu aliyemeza mbuzi! Hilo ni la vijana wa kufukuzana. Ukilifunga, kuku wote wa mtaani kwenu watahama."

"Wahame. Sifugi kuku."

"Na majirani?"

"Majirani wana redio. Sijawahi kuwaambia wapunguze."

Cheche akapiga paja. "Fundi, umeoa kwenye ukoo wa mashindano! Mashuka yatakuwa yanafika kwa wageni yameshapigwa pasi na upepo."

Mama mkwe hakucheka, wala hakukasirika. Miezi hii minne vitu vya kuchekesha aliviona kama mtu anavyoona gari likipita ng'ambo ya barabara. Alijua kwamba ni gari, na kwamba linakwenda. Basi.

Fundi hakuuliza tena. Mama mkwe akisema, mkwe anatenda. Angemwambia amfungie kengele ya shule, angekwenda kuitafuta kengele. Alifungua mabunda ya mashuka akayaweka juu ya meza, baada ya kutandika gazeti ili yasiguse oili. Akamfutia mama kigoda. Akakipandisha kipikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani.

Sababu mama mkwe hakuisema. Sababu ilikuwa nyumbani, imekaa kwenye kiti cha mikono dirishani, na ilikuwa mume wake.

Mzee alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono mmoja uliachwa bila nguvu, na kichwa kikaachwa na matundu. Ya zamani aliyashika barabara: bei ya bati mwaka aliojenga, mbwa aliyemuuma alipokuwa na miaka saba. Ya juzi yalimponyoka kama sabuni bafuni. Lakini masikio yake yalikuwa mazima. Kila siku saa kumi, mama mkwe alipokata kona kwenye nguzo ya umeme, mzee aliusikia mlio wa kipikipiki akanyoosha shingo. "Binti yangu huyo, karudi." Mama mkwe aliingia peke yake. Mzee alitazama nyuma yake mlangoni. "Yuko wapi? Nimemsikia."

Mara ya kwanza alimwambia ukweli, na mzee akalia mpaka akashindwa kupumua. Kesho yake mzee alikuwa amesahau kifo, lakini mlio hakuusahau. "Nimemsikia. Yuko wapi?"

Mara ya tatu alijaribu kumdanganya. Alisema, "Anakuja." Mzee akakaa dirishani mpaka giza likaingia, chakula kimepoa mbele yake, anasema atakula na mwanawe. Usiku ule mama mkwe alipopiga magoti kusali hakuvuka sentensi ya kwanza. Alikuwa amewalea watoto kwa kuwaambia kwamba uongo hauna mdogo wala mkubwa, na sasa huu wake ulikuwa umekaa dirishani na njaa.

Akajaribu kuzima injini barabara kuu na kukisukuma kipikipiki hadi nyumbani. Goti likavimba. Na mzee, aliyekuwa ameshamsikia tangu mbali, akasema, "Binti yangu kaharibikiwa njiani. Hebu nenda kamsaidie."

Basi akarudi kwenye ukweli, kila siku saa kumi. Mzee alifiwa upya kila siku. Alilia upya, akauliza upya ilikuwa ugonjwa gani, akalaumu upya kwamba hakuambiwa. Mama mkwe alisimama mbele yake na kusema maneno yale yale, yakianza na jina la binti yao, kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. Mwanzoni alilia naye. Halafu machozi yakaacha kuja, na hakujua yamekwenda wapi. Alimwomba Mungu jambo moja tu: swali lile liondoke. Na alipokuwa akianika mashuka asubuhi hiyo, likamjia wazo kwamba mzee hasubiri binti, anasubiri mlio.

Fundi alikuwa ameshika spana namba kumi. Nati mbili zilizoshika shingo ya bomba la zamani kwenye silinda zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akazinyunyizia mafuta, akazigonga kidogo kwa nyundo, akakaa kuzisubiri. Moja ikakubali. Ya pili ikatoka na bolti yake nzima, kama jino na mzizi. Akaing'oa gasketi iliyoungua kwa ncha ya bisibisi, polepole, akiwa ameziba tundu la silinda kwa kitambaa ili uchafu usidondoke ndani.

Mama mkwe alimtazama. Mkwewe alikuwa amekonda, kola ya shati imebaki na shingo ndogo ndani yake. Kila siku adhuhuri alipopita hapa na mashuka, alimwona ameinama juu ya injini ya mtu, na hata siku moja hakuinua kichwa. Alikuwa amejisemea moyoni, kimyakimya, kwamba wanaume husahau haraka. Hakumlaumu. Alitaja tu, kama mtu anavyotaja hali ya hewa.

Bomba jipya lilikataa kukaa. Shingo iliingia vizuri na gasketi mpya ya shaba, lakini kikono cha kulishikilia kwenye fremu kilipungukiwa urefu wa vidole viwili.

"Cheche," fundi akaita, "nikatie kibati hapa."

"Kibati cha mashindano au cha kawaida?"

"Kibati."

"Mama, mkweo siku hizi anaongea kwa kipimo. Zamani huyu mtu ungemnyamazisha kwa fedha. Sasa neno moja asubuhi, neno moja jioni, kama dawa." Huku akisema alishakata, akatoboa, akakichomelea, mwanga mweupe ukamulika mabati na mama mkwe akageuza uso. "Haya. Kikikatika, ujue pikipiki yote imekatika."

Zikabaki springi mbili za kuvuta bomba lisicheze. Fundi alizivuta kwa waya uliokunjwa ncha. Ya pili ikamponyoka ikambana kidole. Damu ikachuruzika mpaka kiganjani. Alikiangalia kidole kama mtu anayeangalia kidole cha jirani, akakifuta kwenye suruali, akaendelea.

Hapo mama mkwe akakaa vizuri kwenye kigoda. Kutazama kule alikufahamu. Wiki iliyopita aliunguzwa na pasi mkononi akasimama akiitazama ngozi inavyobadilika rangi, mpaka harufu ikamkumbusha autoe mkono.

"Kifunge hicho kidole," alisema.

"Si kitu, mama."

"Najua si kitu. Kifunge."

Akakifunga.

"Bomba hili linavuta pumzi zaidi," fundi alimweleza, akifungua kabureta. "Nisipoiongezea petroli, injini itapata joto na kukwama." Alitoa kiskrubu cha shaba chenye tundu kama la sindano, akaweka kingine ambacho tundu lake, machoni mwa mama mkwe, lilikuwa lile lile. Akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha akakanyaga pedali, mara moja, mara mbili, na injini ikawaka.

Mlio ulitoka kama watu kumi wanapasua mbao kavu kwa pamoja. Cheche aliziba masikio. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo alisimama kutazama nani kafanya nini. Mama mkwe alihisi kelele kifuani, chini ya mfupa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kitu fulani ndani yake kikalegea. Sawa. Mlio huu hakuna mtu angeujua. Huu haukuwa wa mtu yeyote.

Fundi alichuchumaa. Akachukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, akafumba macho. Akaanza kuizungusha, robo, kisha robo ya robo. Kelele ikashuka. Ikashuka tena. Mbao zikaacha kupasuka, ikabaki ta-ta-ta, kisha pengo, kana kwamba injini imemeza neno, kisha ta-ta ya haraka kulifidia lililopotea. Ta-ta-ta, pengo, ta-ta.

Shingo ya mama mkwe ikageuka yenyewe kuelekea barabarani.

Hakukuwa na mtu. Palikuwa na mwanamke na ndoo yake, anaondoka. Lakini shingo ilikuwa imeshageuka. Binti yake alipenda injini isimame hivi, chini kabisa, karibu kuzimika, kwa sababu aliapa kwamba hivyo inakunywa petroli kidogo. Miaka sita fundi alimtegeshea hivi. Bomba lilikuwa jipya na sauti ilikuwa nene, lakini chini ya ile sauti nene alikuwa yeye, na kigugumizi chake, anasubiri langoni mama amletee mabunda.

"Siyo hivyo," alisema.

Fundi hakusikia. Alikuwa bado amefumba macho.

"Zima! Mwanangu, kizime!"

Akazima. Cheche alimtazama mama, akamtazama fundi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akapata breki. "Ngoja nikatafute... nikatafute moto wa sigara," alisema, naye havuti sigara. Akaondoka.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Umekitegesha kama chake."

Fundi aliitazama bisibisi mkononi. "Sikukusudia," alisema. "Mkono umekwenda wenyewe."

"Najua."

"Nitarekebisha."

"Kaa kwanza." Mama mkwe aliweka mikono mapajani. Alikuwa amepanga kutosema, lakini sasa kutosema kungekuwa kazi zaidi ya kusema. "Baba yako akiusikia huo mlio, anasema binti yake karudi. Kila siku. Naingia mlangoni ananiuliza yuko wapi."

Fundi hakukaa. Alibaki amechuchumaa. "Na wewe unamwambiaje?"

"Namwambia."

"Kila siku?"

"Kila siku saa kumi. Analia, analala, anaamka hajui. Nilidhani mlio ukibadilika hatauliza."

Fundi aliokota kitambaa, akafuta bomba jipya ambalo halikuwa na uchafu wowote, kutoka shingoni hadi mkiani. "Mimi ukipita hapa huwa siinui kichwa," alisema. "Sijui kama umeona."

"Nimeona."

"Nikiinua nitakuona wewe, mama. Nisipoinua, mpaka ufike kule kwenye kona, inawezekana ni yeye." Alilisema bila kutetemeka, kama anavyoeleza kwa nini gasketi huungua. "Nisamehe. Nilikuwa sikusalimii."

Mama mkwe alitafuta neno la kumpa. Alikuwa na maneno mengi ya faraja, aliyajua kwa moyo. Alishawapa wafiwa wengi katika maisha yake. Aliyapitia moja moja, akaona yote yako mahali pake, na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

"Basi nikuache na ule wa zamani?" alisema mwishowe. "Bomba ni la mkeo. Ukisema tulirudishe, tutalirudisha. Mimi nitaendelea kumwambia. Nimezoea."

Hili ndilo lililokuwa la kweli: alikuwa amezoea, na angeweza kuendelea. Fundi alilitazama lile bomba la zamani lililolala sakafuni na kutu yake.

"Mzee hajazoea," alisema.

Akakanyaga pedali. Safari hii hakufumba macho. Aliizungusha skrubu upande mwingine, injini ikapanda, pengo likafungwa, mlio ukawa mmoja, mnene, usio na pumziko.

"Sasa?" akauliza kwa kupaza sauti.

Mama mkwe alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayekagua mayai. "Bado anasikika kwa mbali!"

Robo nyingine. Injini ikanguruma bila kumeza kitu.

"Hivi kitakunywa petroli, mama!"

"Kinywe!"

"Sasa?"

Shingo yake ilibaki ilipo. Alitikisa kichwa kukubali. Fundi aliendesha kipikipiki mpaka barabara kuu na kurudi, akafungua plagi ikiwa ya moto, akamwonyesha ncha yake: kahawia, rangi ya udongo mkavu. "Hii ndiyo rangi ya afya. Ingekuwa nyeupe, ningekuzuia usiende." Kisha akafunga mabunda ya mashuka nyuma, akavuta mpira mara mbili kuhakikisha, na akashika usukani mama mkwe apande. Alipomsindikiza kwa macho, alimsindikiza kweli. Mama mkwe aliliona hilo kwenye kioo cha pembeni, mtu amesimama wima na kitambaa mkononi, mpaka kona.

Alipeleka mashuka. Aliyepokea kwenye nyumba ya wageni alisema, "Mama, nimedhani tumevamiwa," akamwambia asubiri mabunda machafu, akasubiri. Saa kumi alikata kona ya nguzo ya umeme. Jirani alifungua dirisha, jirani mwingine akafunga. Yeye aliangalia dirisha moja tu. Mzee alikuwa pale. Hakunyoosha shingo. Alikunja uso.

"Nani huyo na makelele?" mzee aliuliza alipomwona mlangoni. "Watu hawana adabu siku hizi."

"Ni mimi."

"Wewe?" Alimtazama juu mpaka chini, akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. "Na umri huo! Utavunjika kiuno."

Mama mkwe alisimama mbele yake na mabunda. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, kwa mpangilio wake. Alisubiri. Mzee alitazama mlangoni nyuma yake, akaona mlango, akarudisha macho.

"Chakula kipo?" akauliza.

Kilikuwepo. Akampakulia, akamkalia pembeni kumshikia sahani upande wa mkono uliokufa. Mzee alisema chumvi imepungua. Alisema mwaka aliojenga, bati moja liliuzwa kwa bei ambayo sasa huwezi kununulia misumari. Alikula mpaka mwisho, akakomba, na sahani ikabaki nyeupe. Hakuuliza. Saa kumi na moja ikapita, hakuuliza. Mama mkwe alijiambia kwamba kunyamaza si uongo. Kisha akajiuliza kama hiyo ni kweli.

Alikuwa ameomba jambo moja, na alikuwa amepewa. Akamshukuru Mungu, kwa sababu ukipewa unashukuru. Aliingia jikoni kuweka maji ya chai, na akiwa ameshika sufuria, akiangalia maji yanavyoanza kutoa vipovu pembeni, akagundua kwamba kwa miezi minne jina la binti yake lilitajwa humu ndani mara moja kwa siku, saa kumi, na leo halikutajwa.

Akalitaja. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu vikombe. Akasubiri aone kitatokea nini. Maji yalichemka.

"Unaongea na nani huko?" mzee aliita kutoka chumbani.

"Siongei na mtu."

"Basi lete chai."

Akapeleka.